Kuzitafuta galaksi hafifu za katalogi za kale ukiwa Mtwara au Lindi: hatua kwa hatua

Katalogi ya NGC (New General Catalogue), orodha ya galaksi na vitu vingine vya angani vinavyoonekana kama ukungu au makundi ya nyota, ina namba 7,840. Ilichapishwa mwaka 1888 na J. L. E. Dreyer, Mdenmaki aliyeongoza kituo cha kutazamia nyota cha Armagh, Ireland, na mpaka leo galaksi nyingi tunaziita kwa herufi hizo tatu na namba. Dreyer hakuviona vyote hivyo kwa macho yake. Alikusanya kazi ya watu wengi iliyofanywa kwa zaidi ya miaka mia moja, kila mmoja na darubini yake, saa yake na mazoea yake ya kuandika. Baadhi yao walipima kwa uangalifu mkubwa. Wengine walikosea saa, au digrii, au nyota waliyoanzia kupima. Ndiyo maana zipo galaksi zenye namba mbili, zipo namba zinazogombaniwa na galaksi mbili, na zipo namba ambazo ukifika kwenye anwani yake hukuti chochote.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye darubini ya kioo cha inchi 6 au 8, au kikundi cha shule chenye darubini ya namna hiyo. Unahusu mambo mawili: kuiona galaksi hafifu, na kuwa na uhakika kwamba uliyoiona ndiyo yenye namba ile. La pili ni gumu kuliko la kwanza. Galaksi hafifu karibu zote zinafanana: ni doa la kijivu, la duara au lililovutwa kidogo. Huitambui kwa sura. Unaitambua kwa majirani zake, yaani nyota zilizo kando yake na umbali kati yao. Ukilishika hilo, mengine yote ni mazoezi.

Kwanza, faida ya kusimama hapa

Mtwara mjini iko digrii 10 na kidogo kusini mwa ikweta, na Lindi iko karibu digrii 10 kamili. William Herschel, aliyeandika vitu 2,500 katika orodha zake tatu za mwaka 1786, 1789 na 1802, alitazamia kusini mwa Uingereza, jirani na Windsor, digrii 51 na nusu kaskazini. Sehemu kubwa ya anga la kusini haikuchomoza kabisa kwake. Mwanawe John alilazimika kuhamia Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1834 hadi 1838 ili akamilishe kazi ya baba yake.

Sisi tunaona kazi za wote wawili tukiwa tumesimama mahali pamoja. Ncha ya anga ya kusini iko digrii 10 juu ya upeo wa macho, na upande wa kaskazini tunafika digrii 80. Ni sehemu ndogo tu ya NGC isiyotufikia.

Faida hiyo inabadilisha namna ya kuisoma katalogi. Galaksi NGC 253 iligunduliwa na Caroline Herschel, dada yake William, mwaka 1783. Kwake ilipanda digrii 12 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya hewa nzito na unyevu wa Uingereza. Kwetu inapanda digrii 75. Kundi la galaksi la Fornax lingefika digrii tatu au nne tu pale kwa akina Herschel. Hapa linafika digrii 65. Kwa hiyo sifa iliyoandikwa kwenye katalogi inabeba na anga la mwandishi. Kilichoitwa hafifu sana na mtu aliyekitazama kikiwa chini kabisa kinaweza kuwa rahisi kwako, na kitu cha kaskazini kilichokuwa utosini kwao, kama M81 na M82 (M ni namba za katalogi ya Mfaransa Charles Messier), kwetu kinainuka digrii 11 tu na kuonekana kama kimefunikwa na vumbi. Kila unapoisoma sifa, jiulize aliyeiandika alikuwa wapi na kitu kilikuwa juu kiasi gani.

Hatua ya 1: mahali na ruhusa

Ondoka kwenye taa za mji. Kwa mtu wa Mtwara mjini, Msangamkuu ng'ambo ya ghuba panafaa kwa anga la mashariki. Kwa wa Lindi, kuvuka kwenda Kitunda kunauacha mji ng'ambo ya maji. Nachingwea na Liwale, mbali na barabara kuu, giza ni la kweli. Ninapopapenda zaidi ni Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde karibu na Shimo la Mungu, kwa sababu bonde la Ruvuma liko chini yako na upande wa Msumbiji taa ni chache. Simika darubini mbali na ukingo wenyewe. Gizani watu husogea kinyumenyume bila kujua.

Kabla ya yote nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji mchana, ueleze unachotaka kufanya. Mtu mwenye bomba refu, anayekaa bila taa hadi saa nane za usiku, anazua hofu hata kama ni mwenyeji, na mkoa wetu uko mpakani. Kaa mbali na uzio wa mitambo ya gesi na bomba lake. Hayo ni maeneo ya ulinzi. Kisha mkaribishe mwenyekiti na majirani waje jioni watazame Mwezi au Zohali kabla hujaanza kazi ya galaksi. Mzee akishaziona pete za Zohali kwa jicho lake, usiku wako utakuwa salama na maswali yatakuwa mazuri zaidi ya "unafanya nini hapa?"

Adui mkubwa pwani ni umande. Vingirisha mkeka mwepesi wa mazoezi au karatasi ngumu nyeusi kuzunguka mdomo wa darubini, utoke mbele kwa urefu unaozidi upana wa bomba. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, funika kioo mpaka dakika utakapoanza kutazama, maana unga ule husafiri mbali. Kioo kikichafuka usikifute kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 2: usiku gani

Chagua siku zilizo karibu na mwezi mwandamo. Mwezi ukiwa juu, hata nusu, galaksi hafifu zimekwisha.

Mvua zikishakatika Mei, anga letu linafunguka wakati mzuri kabisa: eneo la kundinyota la Mashuke (Virgo), lenye galaksi nyingi kuliko sehemu nyingine ya anga, linavuka juu karibu saa tatu na nusu usiku katikati ya Mei, na Juni tayari liko juu giza linapoingia. Kantarusi (Centaurus) inafuata saa moja baadaye. Kusi ikivuma kwa nguvu, weka darubini nyuma ya ukuta au gari. Nyota ikitetemeka kwenye lenzi, galaksi hafifu inapotea kabisa.

Oktoba, karibu saa sita usiku, NGC 253 na jirani zake NGC 247, NGC 300 na NGC 55 ziko juu. Kundi la Fornax linapanda baada yao, saa nane na nusu usiku kwa Oktoba. Desemba lingefaa zaidi kwa saa, ila mawingu huwa yamerudi.

Hatua ya 3: orodha fupi

Usitoke na namba arobaini. Chukua sita, mbili rahisi, tatu za wastani, moja ngumu. Orodha ya kuanzia kwa Mei na Juni:

M104 kwanza. Pierre Méchain aliigundua mwaka 1781, na William Herschel akaiweka kwenye daraja lake la kwanza, la vitu angavu, kama namba 43. Hapa kwetu inapita karibu kabisa na utosi, na darubini ya mtindo wa Dobson huwa ngumu kuigeuza ikielekezwa juu moja kwa moja. Itafute saa moja kabla au saa moja baada ya kuvuka.

Kisha M83, ambayo Lacaille aliiona mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema. Halafu NGC 5128 na NGC 4945 katika Kantarusi, zote mbili za James Dunlop, aliyetazamia Parramatta, Australia, mwaka 1826. Dunlop anastahili neno. Orodha yake ina vitu 629, na John Herschel alipovitafuta akiwa Rasi alivipata takriban thuluthi moja tu. Vingi vya Dunlop ni nyota mbili au tatu zilizokaribiana zikaonekana kama ukungu, au vina anwani mbovu. Lakini NGC 5128 ni ya kwake, na ni moja ya galaksi nzuri kuliko zote unazoweza kuziona kutoka hapa: mpira wa mwanga uliokatwa katikati na mkanda mweusi. Mtu akikosea mara nyingi hatumfuti. Tunamsoma kwa uangalifu.

Ya tano iwe M87, na ya sita, ile ngumu, iwe M91. Nitaieleza peke yake mbele.

Kwa Agosti ongeza NGC 6822, iliyogunduliwa na E. E. Barnard mwaka 1884 kwa darubini ndogo ya lenzi. Namba za mwangaza, ambazo kadiri zinavyokuwa kubwa ndivyo kitu kilivyo hafifu, zinasema ni ya daraja la 9, na mtu anadhani ni rahisi. Namba hiyo ni mwanga wote wa galaksi uliojumlishwa, nao umetandazwa juu ya eneo kubwa. Ukitumia ukuzaji mkubwa haionekani. Tumia ukuzaji mdogo kabisa, usiku mweusi kabisa, na uisogeze darubini taratibu mbele na nyuma. Jicho hugundua kinachosogea haraka kuliko kilichotulia.

Hatua ya 4: geuza anwani ya zamani iwe ya leo

Anwani ya kitu angani ina sehemu mbili. Moja ni ya mashariki na magharibi, hupimwa kwa saa na dakika, kutoka 0 hadi 24. Ya pili ni ya kaskazini na kusini, hupimwa kwa digrii kutoka ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia. Dreyer hakutumia ikweta. Alihesabu digrii kutoka ncha ya kaskazini. Kwa hiyo chukua 90 utoe namba yake: ukipata namba chanya, kitu kiko kaskazini, ukipata hasi, kiko kusini.

Kisha kuna mhimili wa Dunia, unaoyumba taratibu kiasi kwamba anwani zote za angani huhama. Dreyer aliandika kwa mwaka 1860. Ramani za leo huandikwa kwa mwaka 2000. Katika miaka hiyo 140 anwani ya saa huongezeka kwa takriban dakika 7 kwa vitu vilivyo karibu na ikweta ya anga. Anwani ya digrii huhama kulingana na mahali: vitu vya saa 0 vimesogea kaskazini kwa karibu dakika 47 za tao (digrii moja ina dakika 60 za tao), vya saa 12 vimesogea kusini kwa kiasi hicho hicho, na vya saa 6 na saa 18 karibu havikuhama.

Mfano. M87 ni NGC 4486. Kwa hesabu za 1860 iko saa 12 dakika 23.7, na digrii 76 dakika 50 kutoka ncha ya kaskazini. Toa kwenye 90: digrii 13 dakika 10 kaskazini. Ongeza dakika 7.1 kwenye saa, punguza dakika 46 za tao kwenye digrii, unapata saa 12 dakika 30.8, digrii 12 dakika 24 kaskazini. Hiyo ndiyo anwani ya ramani ya leo. Tofauti ya dakika 46 za tao ni zaidi ya upana wa Mwezi mpevu, na Mashuke eneo kama hilo lina galaksi nyingine kadhaa. Ukiruka hatua hii utaona galaksi, utafurahi, na itakuwa siyo.

Hatua ya 5: ramani na upana wa uwanja wako

Programu ya bure ya Stellarium inatosha kuchora ramani. Fanya kazi hii nyumbani, uchapishe au uchore kwa mkono, ili simu ibaki mfukoni. Chora nyota zote hadi daraja la 11 au 12 ndani ya duara linalolingana na uwanja wa lenzi yako ya jicho.

Upana wa uwanja huo upime mwenyewe. Chukua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, kwa mfano Spica, iweke ukingoni, acha darubini isimame, hesabu muda inaotumia kuvuka katikati hadi ukingo wa pili. Kila dakika moja ya saa ni karibu dakika 15 za tao. Nyota ikitumia dakika 2 na sekunde 40, uwanja wako ni dakika 40 za tao. Andika namba hii kwenye kifuniko cha kila lenzi. Utaitumia maisha yako yote.

Mwendo huo huo unakupa na dira. Upande ambao nyota inatokea nje ni magharibi. Darubini ya kioo hugeuza picha juu chini na kushoto kulia, ile ya lenzi yenye kioo cha pembeni hugeuza kushoto kulia peke yake, kwa hiyo usikisie. Acha nyota itembee, ikuoneshe.

Hatua ya 6: jicho

Kaa gizani nusu saa nzima kabla ya kitu chochote hafifu. Mwanga mwekundu pekee, na uwe dhaifu. Taa moja ya bodaboda inayopita inakurudisha mwanzo, kwa hiyo fumba jicho la kutazamia kila unaposikia injini.

Usiitazame galaksi hafifu moja kwa moja. Katikati ya jicho hakuna chembe zinazohisi mwanga mdogo, zimejaa pembeni. Ukitumia jicho la kulia, elekeza macho upande wa kulia wa mahali unapotegemea galaksi. Kwa jicho la kushoto, upande wa kushoto. Ukifanya kinyume, picha inaweza kuangukia sehemu ya jicho isiyoona kabisa. Anza na ukuzaji mdogo kupata mahali, kisha panda hadi mara 100 au 150. Galaksi ndogo nyingi hutokeza pale tu, kwa kuwa anga linafifia nyuma yake.

Kaa kwenye lenzi dakika kumi kwa kitu kimoja. Pumua kawaida. Doa likitokea, likapotea, likatokea tena mahali pale pale ukilinganisha na nyota zilezile, hilo ni la kweli. Likihama kila linapotokea, ni jicho lako.

Hatua ya 7: chora kabla ya kusoma

Hii ndiyo hatua inayotenganisha kuona na kutambua. Kabla hujafungua katalogi, kabla hujaangalia picha yoyote, chora duara, weka nyota unazoziona, weka doa mahali pake, andika linaelekea upande gani, kama kitovu kinang'aa zaidi, kama kuna nyota inayoligusa. Andika saa na hali ya hewa. Akili ya mwanadamu ikishaambiwa kuna mkanda mweusi, itauona mkanda mweusi. Kinachoandikwa kabla ya kujua ndicho chenye thamani.

Caroline Herschel ndiye mfano wa kufuata. William alibaki kwenye lenzi akitamka anachokiona, naye Caroline aliandika na saa yake, kisha mchana akahesabu anwani zote. Baadaye aliupanga upya ugunduzi wote wa kaka yake kwa kanda za anga ili John aweze kuvirudia, na mwaka 1828 Chama cha Astronomia cha London, ambacho baadaye kiliitwa cha Kifalme, kikampa nishani ya dhahabu kwa kazi hiyo. Mkiwa wawili, gawaneni hivyo hivyo: mmoja jicho, mmoja kalamu.

Hatua ya 8: soma mstari wa Dreyer

Sasa fungua katalogi. Utakuta herufi badala ya sentensi. F ni hafifu, B ni angavu, S ni ndogo, L ni kubwa, R ni ya duara, E imevutwa. Herufi v mbele inaongeza nguvu: vF ni hafifu sana, e inaongeza zaidi: eF ni hafifu kupita kiasi, p inapunguza: pB ni angavu kiasi. M ni katikati, kwa hiyo bM ni yenye katikati angavu zaidi, gbM mwangaza unaongezeka taratibu, sbM unaongezeka ghafla. N ni kiini. Kinyota kidogo ni nyota, na namba inayofuata ni daraja lake.

Kwa pande, n ni kaskazini na s ni kusini. P ikiwa ya upande ni magharibi, kinachotangulia kutoka uwanjani, na f ni mashariki, kinachofuata. Tuseme mstari unasema vF, S, R, bM, kisha kinyota 10 np: tafuta galaksi hafifu sana, ndogo, ya duara, yenye katikati angavu, na nyota ya daraja la 10 upande wa kaskazini magharibi. Maneno ya nyota ndiyo dhahabu. "Hafifu" yanaweza kuwa maelfu, lakini iliyo kati ya nyota mbili zilizopangika namna fulani ni moja. Lewis Swift, aliyetazamia Rochester huko Marekani, anwani zake za saa zinajulikana kwa makosa, ila mara nyingi aliandika nyota za jirani, na kwa maneno hayo galaksi zake nyingi zimepatikana.

Linganisha na mchoro wako. Nyota zikikubali na sifa zikipishana kidogo, amini nyota.

Hatua ya 9: isipokuwepo

Ukifika kwenye anwani sahihi, usiku mzuri, na hakuna kitu, usiandike kwamba katalogi imekosea na kuondoka. Makosa ya wale wazee yana taratibu. Fuata mpangilio huu:

- Angalia dakika moja kamili ya saa kwenda mashariki na magharibi, kisha dakika kumi. Msomaji wa saa hukosea namba nzima, si sehemu.
- Angalia digrii moja kamili kaskazini na kusini. M48 ilipotea kwa sababu anwani yake ilikosewa kwa digrii tano kamili.
- Geuza alama: kama alisema kitu kiko mashariki ya nyota, jaribu magharibi kwa umbali uleule. M47 ilipotea kwa njia hiyo, na T. F. Morris alieleza kosa hilo mwaka 1959, akionesha kuwa ni NGC 2422.
- Angalia vitu vingine vya usiku uleule vya mtazamaji yuleyule. William Herschel aliiacha darubini kwenye mstari wa kaskazini na kusini, anga likapita, na vyote vya usiku huo vikapimwa kutoka nyota chache za rejea. Nyota ya rejea ikiwa siyo, vyote vimehama kwa kiasi kimoja. Ukipata kosa la kimoja, umepata la vyote.

Sasa M91. Charles Messier aliiandika mwaka 1781, na kwenye anwani aliyotoa hakuna galaksi inayostahili. Kwa karibu miaka mia mbili watu walidhani ilikuwa nyota yenye mkia (kometi) iliyopita, au NGC 4571 iliyo jirani, ambayo ni hafifu mno kwa darubini ndogo ya Messier. Mwaka 1969 William C. Williams wa Texas alitoa maelezo yanayokubalika hadi leo: Messier alipima kutoka M89 akidhani yuko M58. Galaksi hizo mbili zinafanana, zote za duara, karibu sawa kwa mwangaza, na ziko chini ya digrii moja kutoka mmoja hadi mwenzake. Ukichukua umbali alioupima na kuuanzishia M89, unafika NGC 4548, ambayo William Herschel aliiweka kwenye daraja lake la pili, la vitu hafifu, namba 120.

Fanya jambo hili mwenyewe, usiku mmoja wa Mei. Chora mstari wa mawazo kutoka nyota Denebola hadi Vindemiatrix. Katikati yake kuna M84 na M86. Kutoka hapo sogea mashariki na kusini kidogo hadi M87, endelea hadi M89, kisha M58. Zitazame M89 na M58 moja baada ya nyingine. Halafu kutoka M58 panda karibu digrii mbili kaskazini: uwanja mtupu, au karibu mtupu. Rudi M89, panda digrii mbili zilezile kaskazini, na hapo ipo, doa la daraja la 10, lenye kitovu na labda mwale mfupi unaopita katikati. Hakikisha kwa jirani: M88, iliyo angavu zaidi, iko dakika 50 za tao magharibi. Utakuwa umetembea ndani ya kosa la Messier, hatua kwa hatua, na kutokea upande wa pili.

Hatua ya 10: picha, mwisho kabisa

Siku inayofuata, fungua Aladin Lite ya kituo cha data cha Strasbourg, Ufaransa, uandike namba, uikuze picha ilingane na uwanja wako. Linganisha nyota moja moja na mchoro. Picha zina nyota nyingi mno, kwa hiyo anza na zile angavu tano.

Usiiamini lebo ya programu kuliko mchoro wako. Programu nyingi zimerithi orodha za zamani pamoja na makosa yake. Mwaka 1973 Jack Sulentic na William Tifft waliipitia NGC yote kwa picha na kuandika namba nyingi kuwa hazipo. Waliokuja baadaye, Harold Corwin akiwa mmoja wao, walirudi kwenye maandishi ya awali ya watazamaji na kuzipata kadhaa mahali pengine. Katalogi mbili za nyongeza za Dreyer, IC za 1895 na 1908, zinahitaji tahadhari zaidi: vitu vingi alivyoviandika Guillaume Bigourdan wa Paris ni nyota hafifu tu, na vingine viligunduliwa kwa picha na havifikiki kwa inchi 8. Ziache mpaka uzoefu ukolee.

Katika daftari, kila namba iwe na hukumu moja kati ya tatu: nimeiona na nyota zinakubali, nimeona kitu ila nyota hazijathibitisha, sikuona. Ile ya tatu iandike kwa ukamilifu kama ya kwanza: mahali, saa, hali ya anga, ukuzaji, nyota hafifu kuliko zote uliyoiona uwanjani, na ulitafuta umbali gani kuzunguka anwani. Yule atakayeitafuta mwakani kutoka Masasi au Kilwa ataanzia hapo.